Cha Kukaushwa ni Mbao

Kavindu alikuwa akipangusa vumbi la randa, kazi yake ya kila asubuhi katika yadi ya mbao ya Mutie huko Kangemi, gari kubwa jeusi lilipoingia. Hakuinua kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwenye unga, uliopanda bei tena. Kisha akasikia sauti, na kitambaa kikamtoka mkononi.

Sauti hiyo angeitambua hata kuzimu. Ilikuwa ya Hezekiah, mkubwa wa ofisi fulani ya serikali, aliyekuja mtaani Kabiria mwezi wa nne na tingatinga, akabomoa kibanda chake cha chapati. Alama ya X nyekundu ilipakwa jioni, tingatinga likafika alfajiri. Kavindu alimsihi amwachie atoe angalau meza, ile aliyotengenezewa na marehemu mumewe. Hezekiah hakumtazama. Aliinua mkono tu, akamwambia, "Mama, kausha," yaani anyamaze, na meza ikasagwa mbele ya macho yake. Binti yake Ndanu akaacha chuo, naye Kavindu akaja kupangusa mbao za watu.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake na hakumjua. Hilo lilimuuma kuliko kubomolewa. Mtu akikuharibia maisha, walau akukumbuke sura.

Hezekiah alikuwa amejenga nyumba Mountain View, mtaa wa wenye pesa. Alimweleza Mutie kwamba anataka sakafu ya mbao halisi, si hizo takataka za kubandika zenye picha ya mbao. Akaonyeshwa muhugu, vipande vifupi vigumu kama jiwe, akasema vinamkumbusha darasa la shule. Akaonyeshwa mahogani, akasema ni nyekundu mno. Ndipo akaona mvule uani, mbao ndefu, pana, za rangi ya asali, akazipapasa kama anayechagua ng'ombe wa mahari.

"Hizi. Bosi wangu anakuja Krismasi. Nataka akiingia azikanyage."

Mvule ule ulikuwa umeshushwa juzi kutoka Kongo, mbichi, mzito kama blanketi lililotoka majini. Mutie alijua. Lakini Mutie alikuwa na kodi ya yadi, akatazama pembeni.

Kavindu naye alitamani kunyamaza, alitamani kwa moyo wake wote. Lakini alilelewa na baba shemasi, na mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mzee, hizo bado. Zinafaa zikaushwe kwanza. Ukiziweka hivyo..."

Hezekiah aliinua mkono bila kugeuka. "Mama, kausha. Nikitaka ushauri nitauliza."

Neno lilelile, mkono uleule. Na Kavindu, haki ya Mungu, alifurahi. Alikuwa ametimiza wajibu wake wa Kikristo, na adui mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

"Sawa, mzee. Nimekausha."

Akasaidia kuzipakia, akichagua zilizo nzito zaidi.

Januari Hezekiah alirudi yadini, shati limelowa jasho. Mbao zilikuwa zimekaukia ndani ya nyumba, zikanywea, zikapinda, zikaacha nyufa za kumeza vijiko. Siku ya Krismasi mke wa bosi alinaswa kisigino cha kiatu humo akaanguka mbele ya wageni. Fundi aliyezipigilia aliuona ubichi mapema, lakini naye alikuwa ameambiwa akaushe.

"Mbona hakuna mtu aliniambia?" Hezekiah akauliza.

Kavindu akaweka kitambaa chini.

"Mzee, cha kukaushwa kilikuwa mbao. Wewe ukakausha mimi. Mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Kabiria."

Hezekiah akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamtazama mpaka akamkumbuka. Kavindu alikuwa ameisubiri sura hiyo tangu mwezi wa nne, na ilikuwa tamu.

Kesho yake ukuta wa yadi ulikuwa na X nyekundu, rangi ikichuruzika. Mutie alimfuta Kavindu kazi kabla ya chai, akitumaini huenda hilo likamtuliza mkubwa. Hezekiah hakuulizwa lolote na mtu yeyote.

Kavindu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita Mountain View makusudi, ashibe macho. Nje ya lango la Hezekiah mbao za mvule zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa, na askari wa lango alikuwa ameagizwa azichome. Kavindu akaomba moja. Askari akamwambia achukue tu, ni takataka.

Aligonga moja kwa kidole, ikalia vizuri. Ilikuwa imekauka sawasawa. Akachagua iliyo pana kuliko zote, akakunja leso ikawa kata, akajitwika.

"Unapeleka wapi, mathe?" askari akauliza.

"Kabiria," akasema. "Natengeneza meza ya chapati. Palepale walipobomoa."