Valvu ya Gurudumu la Mbele

Tairi jipya lilikuwa limelala juu ya vumbi jekundu la mtaa wa Manika, jeusi, linang'aa, lina vinywele vya mpira vya kiwandani. Kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, mzee Badibanga alimwona binti yake Wivine akiinamia rimu tupu na kuikunja valvu, kile kishina cha mpira kinachopitisha upepo, kwa kidole gumba.

"Hii tuibadilishe," Wivine alisema. "Pineu mupya, valvu mupya."

Mwenye pikipiki, Hénock, hakumtazama. Alikuwa anampeleka mkewe Jocelyne na mtoto wao kwenye maziko huko Fungurume, na jua lilishapanda. Alimgeukia mzee.

"Tata, unasema nini?"

"Iko muzuri. Bado inashika upepo. Nenda tu, mwanangu."

Wivine hakubishana. Pale kwenye kwado yao, kibanda cha kuziba matairi, neno lilikuwa la baba, mikono ikawa yake. Alipaka sabuni, akavisha tairi, akajaza upepo. Pikipiki ikaondoka, mtoto akiwa katikati ya wazazi wake.

Ndipo Wivine alipouliza, huku akinawa: "Tata, uliigusa ile valvu?"

Badibanga alisogeza kiti chake kivulini.

"Haukuigusa. Ukiikunja, chini inafungua kinywa."

Aliyasema bila hasira, kama mtu asemaye sabuni imekwisha. Enzi za mzee tairi lilikuwa na mpira wa ndani, na valvu ilizaliwa nao, ikatupwa nao, hakuna aliyeifikiria. Haya matairi yasiyo na mpira wa ndani yalikuja macho yake yakiwa yameshaingia ukungu, naye akaendelea kutoa neno lake lilelile, kama mtu anayepeleka sokoni noti za zaire, pesa iliyofutwa zamani. Na watu walilipokea.

Akasimama, akapungia teksi-moto, akapanda nyuma ya dereva wa pikipiki hiyo.

Aliwakuta mwisho wa mji, malori ya madini yakipita kwa msururu, Hénock akijaziwa petroli ya chupa. Mzee alishuka taratibu.

"Valvu ya mbele imepasuka. Murudi."

"Lakini, Tata, ulisema iko muzuri."

"Nilisema. Sikuiangalia. Wivine ndiye aliiona. Mi sioni tena bitu bidogo."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake. Muuza petroli, aliyezoea kumwita fundi, aliinamisha macho kwenye chupa zake. Badibanga aliingoja aibu ije, lakini alichosikia ni magoti yake tu yakiuma.

Hénock alitazama jua, kisha malori. "Tukirudi, batazika bila sisi. Itafika, Tata. Itafika tu." Akawasha pikipiki.

Jocelyne alishuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge mara mbili, akamgeukia mumewe.

"Baba Gloire, mi na mutoto tunarudi kwa miguu."

Akaanza kutembea kuelekea Manika. Mzee akamfuata, akajiweka upande wa malori, vumbi likiwapanda hadi kiunoni. Nyuma yao injini ya pikipiki ilikuwa ikinguruma pale pale, haisogei wala haizimiki, na hakuna kati yao aliyegeuza shingo.