Komwe Alilolikata Rehani

Msiniambie nipunguze hasira. Mwaka mzima watu wa Makurunge wananiambia, "Hamidu, yule ni kaka yako, yaishe." Yaishe vipi? Nisikilizeni kwanza, halafu ndiyo mniambie.

Baba yetu, Mzee Bwanausi, hakuwa mtu wa kuombaomba. Shamba la mihogo na korosho alishatugawia zamani, hakutaka tugombane. Miezi miwili kabla hajafa alituita mimi na Rehani kitandani kwake, mama akiwapo, akatoa wasia mmoja tu. "Siku yangu ikifika, kaburini ashuke Rehani. Kichwa changu akipokee yeye, anilaze yeye. Hamidu, wewe utashika miguu." Basi. Rehani ndiye mkubwa, ndiye aliyemfanya aitwe baba. Rehani akalia, akaitikia, akambusu mkono. Mimi nikaona sawa, mkubwa ni mkubwa.

Sasa lazima niwaeleze habari ya vichwa vyetu. Wanaume wa nyumba yetu nywele zetu zinaanzia mbali. Baba alikuwa na komwe, mimi ninalo, na Rehani alikuwa nalo kutuzidi sote. Tulitaniwa tangu madrasa mpaka tukazoea. Yaani mimi nilizoea. Mwenzangu kumbe alikuwa anaugulia moyoni. Yeye anakaa Mapinga, ni dalali wa viwanja, kutwa kujipiga picha na simu kando ya mawe ya mipaka. Ana miaka arobaini na mmoja. Alikuwa amepata mchumba, Wahida, mwalimu wa chekechea, na alituhadithia mwenyewe walivyokutana. Siku ya kwanza yule mwanamke alipomwona aliinama kidogo kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo, baba." Wamepishana miaka sita! Rehani akaitikia marahaba, akaenda nyumbani kujitazama kwenye kioo. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka.

Baba alifariki Jumatano alfajiri. Nikampigia Rehani simu. Akasema, "Inna lillahi," kisha akaniuliza, "Mnazika saa ngapi? Jua litakuwa kali?" Ala! Mtu amefiwa na baba yake anauliza habari ya jua! Nikadhani ni majonzi yamemchanganya.

Alifika saa nne, barghashia imemshuka mpaka kwenye nyusi, macho yamevimba. Watu wakasema maskini, amelia njia nzima. Mama akanyoosha mikono amkumbatie, yeye akasimama wima kama nguzo, hakuinama. Ulipofika wakati wa kumwosha baba tukaingia nyuma ya shuka, mimi, yeye na shehe. Shehe akamwambia amwinue baba kichwa. Rehani akasema kiuno kinamuuma. Nikamshika mkono nikamtoa hadi nyuma ya banda la kuku.

"Kaka Rehani, una nini?"

"Sina kitu."

"Vua kofia."

"Hamidu, niache, tafadhali."

Nikaifunua mwenyewe. Mtume! Mshono umepita juu ya paji la uso kutoka upande huu hadi ule, uzi mweusi, na ngozi imevimba mpaka inang'aa. Nywele zimesogezwa mbele, vidole viwili vizima. Lile komwe halipo.

Akanieleza kwa kunong'ona. Daktari mmoja wa Dar alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua nywele za kisogoni, mojamoja, kuzipanda mbele, halafu usubiri karibu mwaka mzima zikue. Ya pili ni kukata kipande cha ngozi ya paji, kuvuta ngozi ya kichwa mbele na kushona, na siku hiyohiyo unaona tofauti.

"Alinishauri hiyo ya kwanza," Rehani akasema. "Alisema nywele za mwanamume zinaweza kuendelea kurudi nyuma, kovu likabaki nje. Lakini harusi ni mwezi ujao, Hamidu. Leo ni siku ya nne tu. Nimekatazwa kuinama, nimekatazwa kubeba kizito, sitakiwi kutoka jasho wala kuingia vumbi."

"Na baba?"

"Shuka wewe, mdogo wangu. Mama hatakuwapo kaburini. Nani atamwambia?"

Damu ilinichemka. Maiti ya baba ilikuwa hatua kumi tu, lakini sikujizuia. Nilimwita mpumbavu. Nilimwambia amekata uso aliopewa na baba, na sasa anamkata baba mwenyewe. Nilimwambia huyo Wahida anaolewa na mshono. Akaishusha kofia yake, na mimi nikarudi kumwosha baba.

Msiba wetu haukosi mtani. Sisi Wazaramo tunataniana na Wanyamwezi, na Mnyamwezi wetu ni Mwalimu Cosmas, Mkatoliki aliyestaafu akajenga hapahapa. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu na hakuna wa kumnunia. Tangu asubuhi Cosmas alikuwa amevaa koti la baba, anachechemea kama baba, anawagombeza wapishi kwa sauti ya baba, mpaka mama huko ndani akacheka huku analia. Tulipofika makaburini akaruka mbele ya jeneza, akatandaza mikono. "Mzaramo huyu hapiti bila kunilipa! Nataka kofia ya mrithi wake!" Mimi nilikuwa nimeshashuka kaburini. Kabla sijafumbua mdomo, akaikwapua barghashia kichwani kwa Rehani.

Ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Ilitoka na nyuzi. Damu ikamtiririka Rehani mpaka kwenye ndevu. Cosmas alibaki ameishika ile kofia. "Mtani wangu," akasema taratibu, "nani amekuumiza hivi?"

Nilidhani Rehani atakimbia. Hakukimbia. Alijifuta kwa kiganja, akavua viatu, akaja ukingoni.

"Hamidu, nisogezee nafasi. Nashuka."

"Hushuki."

"Ni wasia wa baba."

"Umeukumbuka sasa hivi? Damu ni najisi. Utamchafulia sanda."

Shehe akaingilia kwa upole. "Hamidu, atafungwa kitambaa, ashuke. Mzee alimtaka yeye." Na Cosmas alishaanza kuchana shati lake apate cha kumfunga.

Nikapiga kelele kutoka mle kaburini, mbele ya maiti ya baba yangu. "Nimesema hashuki! Akitia mguu humu mimi natoka, na mtazika wenyewe!"

Jua lilikuwa linawaka na waliobeba jeneza walikuwa wanatweta. Shehe akampa ishara binamu yetu ashuke ashike miguu. Baba akateremshwa. Kichwa nikakipokea mimi, nikamwingiza kwenye mwanandani, nikamlaza ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla. Rehani alisimama juu, damu inamdondoka kwenye kanzu. Wallahi, nilijisikia nimeshinda.

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi mkekani chumbani kwake, ameshaanza kukaa eda. Alituita sote wawili. Rehani alikuwa amefungwa kitambaa kichwani. Mama alikitazama, hakukiuliza. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Rehani, umemlaza baba yako vizuri?"

Nikangoja. Alikuwa na haki ya kusema Hamidu alinizuia. Mashahidi walikuwa uwanja mzima, tena shehe mmoja wao.

"Sikushuka, mama," Rehani akasema. "Niliogopa kuharibu kichwa changu. Hamidu ndiye aliyemlaza."

Mama alilia kilio ambacho hakukilia hata asubuhi. Kisha akanivuta, akanibusu mikono yote miwili, udongo na yote. "Mungu akulipe, Hamidu. Wewe ndiye mwanangu." Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Rehani ameoa, na mama hakutaka kusikia habari ya harusi. Kila Ijumaa anakuja kutoka Mapinga na kapu la samaki, na kila Ijumaa mama analirudisha bila kulifunua. Mimi nipo hapohapo ukumbini nimekaa. Waliokuwapo makaburini hakuna aliyetaka kumwongezea mjane machungu kwa kumsimulia. Watu wanadhani nimemnunia kaka yangu kwa sababu ya kichwa chake.

Ijumaa iliyopita nilimfuata mpaka barabarani, nimeshaamua. Nikamwambia, "Leo ninamwambia mama kila kitu."

Rehani akahamisha kapu mkono wa pili. "Usimwambie," akasema. "Mimi nilisharudi nyuma kabla hujanizuia. Mwache abaki na mtoto mmoja anayemwamini."

Nilitamani kumpiga. Badala yake nikarudi ndani, mama akaniuliza kama ameshakwenda, nikamwambia ndiyo, na akanipakulia chakula.