Lori Lililokwama Ziba

Siku za kazi Yahaya Shaban alikuwa fundi cherehani mjini Tabora. Jumamosi na Jumapili alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya dansi ya mafundi wenzake. Muziki ulimwanzia madrasa. Baba yake alikuwa mwalimu pale, na Yahaya ndiye aliyekuwa akiongoza kaswida wakati wa maulidi, kwa sauti nyembamba iliyowaliza akina mama. Kisha ukaja uhuru, na rumba ya Kongo ikaingia mjini kwa reli ya Kigoma. Kijana akaacha kaswida, akashika gitaa. Baba yake akamwambia asijitambulishe tena kwa watu kuwa ni mwanawe. Mzee alikufa hajamsikiliza akipiga gitaa hata mara moja.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo angekuwa na subira na masikio ya wenzake. Hakuwa nayo. Vijana walipoanza kwenda kwenye bugi, yaani disko za mchana, na kucheza santuri za Wamarekani, aliziita kelele. Kwake yeye muziki uliishia kwenye rumba.

Mwaka wa themanini na nne vijana walifanya mashindano ya uimbaji katika ukumbi mmoja pale mjini, wakamwalika Yahaya awe mwamuzi. Wa mwisho kupanda jukwaani alikuwa Masolwa, utingo wa lori la mpunga kutoka Igunga. Alikuwa na kanda. Upande mmoja wa kanda ile ulikuwa na ngoma na besi tupu, hauna mwimbaji. Akamwomba mwenye mitambo aiweke, akashika kipaza sauti. Hakuimba. Alisema maneno kwa vina, haraka haraka, juu ya ile ngoma:

*Lori limekwama Ziba, matope hadi magoti,*
*Dereva kajifunika, utingo hana koti,*
*Nimefika Nzega sokoni kutafuta sukari,*
*Nimeuziwa maneno, nimerudi safari.*

Yahaya akainuka na kuamuru kanda izimwe.

"Kijana," alisema mbele ya watu wote, "kuimba hujui, na kuzungumza hujafundishwa. Rudi ukapakie magunia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yahaya akaichukua ile kanda, akaitia mfukoni, akisema ataitunza isije ikaharibu wengine. Masolwa alimfuata hadi mlangoni, akamwomba kwa adabu amrudishie kwa kuwa haikuwa yake. Yahaya alipita kama hajasikia.

Kanda ilikaa kwenye saraka ya cherehani. Mkewe, Zamda, aliposafiri kwenda Puge kumwangalia dada yake mgonjwa, Yahaya aliiweka kwenye redio kaseti, apate kujua vizuri ni kitu gani anachokichukia. Mwanzo alisikia kelele zile zile. Halafu akaona miguu yake inakanyaga cherehani kwa kufuata ile ngoma, na pindo la kaptura ya shule limenyooka kuliko kawaida. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Sauti ya Masolwa haikuwemo kwenye kanda, lakini kila ngoma ilipoanza, lori lilikwama Ziba kichwani mwake, na maneno yakafuatana yenyewe.

Akaanza kufunga mlango kila alipotaka kuisikiliza. Mteja akibisha, alibadilisha kanda upesi, akaweka taarabu, kisha akafungua huku uso unamwaka.

Zamda, ambaye siku ya mashindano alikuwa ukumbini, aliporudi alimkuta anayanong'ona yale maneno.

"Baba Mussa, hayo si maneno ya yule kijana uliyemtoa jukwaani?"

Yahaya akasema la, ni yake mwenyewe, anatunga kitu kipya cha bendi.

Baada ya kusema hivyo ikabidi uongo uwe kweli. Katika dansi lililofuata, katikati ya rumba ya zamani, aliwaashiria wenzake wanyamaze, zibaki ngoma na besi, akayasema yale maneno. Kwa miaka mingi hakuwa ameshangiliwa namna ile. Vijana waliokuwa wamehama bendi wakarudi. Watu wakaanza kuuita wimbo ule "ile ya lori", na mpiga besi, Raymundi, akamsifu kwamba uzee haujamgusa. Kila waliposhangilia alikusudia kusema maneno ni ya nani. Kila mara aliingia kwenye wimbo uliofuata.

Wakulima walipokwisha kuuza pamba, bendi ikaalikwa Igunga kupiga mchana, uwanjani karibu na maegesho ya malori. Haikuchukua muda watu wakaitaka ile ya lori. Ngoma ikaanza. Yahaya alikuwa amefika kwenye koti la utingo alipomwona Masolwa pembeni, kando ya rundo la magunia, nywele zimejaa pumba. Hakupiga kelele wala hakukunja uso. Midomo yake ilikuwa ikicheza, ikimtangulia Yahaya neno moja.

Yahaya akakwama. Akasema kwenye kipaza sauti, "Maneno haya si yangu. Ni ya yule pale."

Watu wakageuka, wakamwona mchukuzi mwenye pumba kichwani, wakacheka. Akarudia, nao wakacheka zaidi na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Basi akaweka gitaa chini, akachukua kanda kutoka kwenye mfuko wa gitaa, alimokuwa akiibeba kila safari, akamwendea.

"Shikamoo, mzee," Masolwa alisema.

Yahaya aliitikia kwa shida. Afadhali angetukanwa. Akampa kanda na kumwomba radhi.

Masolwa aliigeuza mkononi. Akaeleza kwamba ilikuwa ya dereva wake, Dionis. Alimwambia imechukuliwa na mtu mzima, Dionis hakuamini, akasema ameiuza, akamteremsha njiani. Tangu hapo anabeba magunia. Yahaya akasema atamwendea Dionis yeye mwenyewe. Masolwa akamjibu kwamba lori limekwisha pata utingo mwingine.

"Basi njoo uyaseme mwenyewe," Yahaya alimsihi. "Sasa hivi. Nitakupigia gitaa."

"Hapana, mzee. Watadhani nakuiga wewe."

Akatia kanda mfukoni, akainamia gunia.

Yahaya alimtafuta Dionis hata hivyo, akampata Nzega, akamweleza yote. Dionis alisikiliza, akasema amemwelewa, akawasha lori, akaondoka na utingo wake mpya. Masolwa hakukaa sana Igunga. Watu walisema amekwenda Mwanza kufuata kazi ya kuswaga ng'ombe. Yahaya aliukataa ule wimbo, lakini bendi haikukubali kuupoteza. Wakampa mwimbaji mwingine, naye Yahaya akawa anatoka nje kila ulipoanza.

Muziki wenyewe hakuuacha. Alinunua kanda nyingine za namna ile kwa wasafiri wa treni, akazisikiliza mlango ukiwa wazi. Siku moja mzee wa msikitini aliyeleta kitambaa cha kushonewa kanzu alisimama kizingitini, akatikisa kichwa, akamuuliza kama kwa umri wake haoni aibu.

Yahaya akasema anaona. Akakipokea kitambaa, akampima mabega.