Sauti Yenye Mikwaruzo

Kwa miaka sita Mektrida alikuwa akiimba kanisani bila kutoa sauti. Midomo ilifuata maneno, kitabu kilikuwa wazi mikononi, na aliyemtazama kwa mbali angedhani naye yumo. Hakuwamo.

Kabla ya hapo ndiye aliyeimba mashairi ya kila wimbo katika kigango chao cha Kibosho, kwaya nzima ikimsubiri amalize ndipo ipokee kiitikio. Kisha akaota uvimbe wa tezi shingoni, ukakua hadi ukawa unambana pumzi akilala. Daktari hakumficha: mishipa ya sauti iko papo hapo, huenda ikaguswa wakati wa kupasua. Akatia sahihi. Upasuaji ulikwenda vizuri, uvimbe ukatoka, na alipofungua mdomo kumshukuru nesi ikatoka sauti nzito yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyevuta sigara miaka arobaini. Aliambiwa itarudi taratibu. Ilirudi kidogo, ikaishia hapo.

Binti yake, Pamela, alikuwa mpishi katika ukumbi wa sanaa mjini Moshi, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la kahawa. Wiki moja akampigia simu.

"Mama, Jumamosi wanakuja Wahispania kucheza ngoma yao. Inaitwa flamenko. Saa kumi na moja jioni. Njoo."

"Nitaelewa nini mimi?"

"Hata mimi sielewi. Njoo tu ukae, upumzike kidogo kazi ya kulisha ng'ombe."

Akaenda, kwa ajili ya binti zaidi kuliko ngoma. Pamela alimketisha safu ya tatu, akamletea chai, akarudi jikoni. Mbele kulikuwa na jukwaa fupi la mbao mpya. Calvin, msimamizi wa ukumbi, akashika kipaza sauti.

"Msikae kimya kama mko mkutanoni," alisema. "Mkiguswa, semeni; wao husifu kwa kupaza 'Ole!' Kwao ndivyo ilivyo."

Alianza mpiga gitaa peke yake. Kisha akapanda mcheza ngoma, na Mektrida, aliyetarajia msichana mwembamba, akaona mwanamke wa makamo, mnene kiunoni kama yeye. Viatu vyake vilikuwa na misumari kwenye visigino. Alipopiga mbao, kishindo kilipanda kupitia miguu ya viti. Hakutabasamu hata mara moja. Mektrida alikuwa ameona watu wakicheza kwenye harusi na kwenye sherehe za shule, lakini hakuwahi kuona mtu akicheza huku uso umekunjamana kama anayebishana na jambo zito. Akaisahau chai.

Hapo ndipo mwimbaji alipoanza. Alikuwa bibi aliyekonda mwenye gauni jeusi, ameketi kwenye kiti cha kawaida, mikono juu ya magoti. Alifungua mdomo, ikatoka sauti iliyopasuka. Ilikwaruza, ikakatika katikati ya neno, ikajikokota kupanda tena. Mektrida aliinamisha kichwa kwa aibu. Maskini, alijisemea, wamemleta akiwa mgonjwa. Akangoja mtu apeleke maji.

Hakuna aliyepeleka. Alipoinua macho aliona mpiga gitaa ameinamia upande wa yule bibi, anamsubiri kila anapokatika, na mcheza ngoma amesimama tuli akiipokea ile sauti kifuani. Walikuwa wanaitaka vile vile ilivyo.

Nyuma yake vijana wawili walicheka. "Bibi kameza chupa," mmoja alisema.

"Nyamazeni!" Mektrida aligeuka. "Anaimba!"

Alisema wakati gitaa limenyamaza, na sauti yake, ile nzito, ikajaa ukumbi mzima. Alitamani sakafu immeze. Lakini mpiga gitaa akaitikia "Ole!" na yule bibi akamtafuta kwa macho, akampata, akakubali kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Kisha akaendelea kuimba, kwa nguvu zaidi.

Onyesho lilipokwisha, Mektrida alimwomba Calvin ampeleke kwa mwimbaji. Walimkuta anakula ndizi nyama za Pamela.

"Muulize aliugua nini."

Calvin alisitasita, kisha akauliza kwa Kiingereza. Bibi akacheka.

"Hajaugua, mama. Anasema babake alikuwa na sauti mbaya kuliko hiyo. Anauliza, wewe je?"

Mektrida alilegeza mtandio, akamwonyesha kovu. Bibi akaligusa kwa kidole kimoja, akasema maneno machache.

"Anasema ulipopaza sauti kule ndani, alidhani wewe ni mtu wa kwao. Anauliza unaimba nini."

"Siimbi."

Bibi alitafsiriwa jibu hilo. Hakumfariji wala hakumsihi. Alimtazama kidogo, kisha akaomba aongezewe ndizi.

Pamela alimrudisha kwa gari la rafiki yake. Barabara ya Kibosho ilikuwa imechimbika kwa mvua, wakawa wanakwenda polepole.

"Umeionaje, mama?"

"Kanisani nilifunga mdomo ili watu wasinionee huruma," Mektrida alisema. "Leo nami nimemwonea mtu huruma, kumbe hana shida yoyote."

"Kwani kuna aliyekukataza kuimba?"

Aliwapitia akilini mmoja mmoja: padre, wanakwaya, majirani. Wengine walimpa pole, wengine walimwombea. Kumkataza, hakuna.

"Hakuna," alijibu.

Alhamisi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Rogath, mwalimu wa kwaya, aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba nafasi."

Rogath, kwa heshima, akamwonyesha mahali pake pa zamani, sauti ya kwanza. "Huko siwezi tena," Mektrida alisema, akazunguka hadi kwa wanaume wa sauti ya tatu. Wasichana wawili wakatazamana. Mzee Eliakim alisogea, akainamisha kitabu chake ili wote wawili waone.

Wimbo wa kwanza aliingia kabla ya wakati. Wa pili alipatia ubeti mmoja, sauti ikatoka imara kwa chini, akashangaa jinsi ilivyomjaa kifuani. Kwenye noti ya juu ikapasuka, kila mtu akasikia. Rogath alisimamisha kwaya. Mektrida alishika ukingo wa benchi.

"Sauti ya tatu," Rogath alisema, bila kumtazama mtu, "mmechelewa kuingia. Tunarudia."

Wakarudia.