Kopo la Vimeo

Jumatano saa mbili asubuhi Mariana alishuka kwenye bodaboda pale Mwamkulu, binti yake Nyanzala yuko mgongoni anakohoa, kama alivyokohoa wiki tatu mfululizo. Mama mkwe alishatangulia kushika foleni kwa mzee Gaudensi, mkata vimeo vya kooni. Mbele yao kulikuwa na akina mama saba, na juu ya stuli kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, vimeo vilivyokwisha kukatwa vilikuwa vinapiga stori.

Vilikuwa na sauti nzuri. Kimoja kilitaka uji, kingine kilikuwa kinacheka chenyewe tu. Hakuna hata kimoja kilichokohoa.

Jana yake Danford, daktari wa zahanati, alipanua mdomo wake mwenyewe mbele ya Mariana, akaumulika kwa tochi ya simu. "Unakiona hicho kinyama kinachoning'inia? Hata mimi ninacho. Hakileti kikohozi. Huyu mtoto kifua chake kinapiga filimbi. Mlete kesho tumpime vizuri."

Kesho yenyewe ndiyo hiyo.

"Mayu," Mariana alimwambia mama mkwe, "si tungepita kwanza zahanati?"

"Kwa yule ambaye cha kwake hajakata? Atajuaje?"

Akina mama wakacheka. Mariana naye akacheka kidogo, maana ukiolewa kwenye ukoo wa watu huachwi ununie peke yako.

Zamu ikafika. Mariana alimshika mtoto kichwa. "Mzee, mbona hivi vya kwenye kopo havikohoi?"

"Vimepona," alisema Gaudensi, anapangusa kisu.

"Na watoto?"

"Watoto warudi nyumbani."

Alikata mara moja. Akakibandika kimeo kwenye paji la uso la Nyanzala, kama desturi inavyotaka. Kikakaa pale kinahema, kikasema "mama" kwa sauti safi kabisa, kisha kikajiendea kwenye kopo. Damu Mariana aliifuta kwa kanga.

Nyanzala alikohoa njia nzima mpaka nyumbani, Makanyagio. Kufika Jumamosi homa ilikuwa juu, uji haupiti kooni, na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mariana akitaja zahanati, mama mkwe anamjibu kwamba kidonda kinataka siku saba.

Jumapili kanisani kwaya iliazima kopo la mzee Gaudensi, maana sauti ya kwanza ilikuwa imepungukiwa watu. Fabiani, mwalimu wa kwaya, aliliweka karibu na maikrofoni, akalifungua mfuniko. Vimeo viliimba beti zote nne bila kuangalia karatasi. Mariana alikijua cha kwake kwenye mstari wa kwanza tu. Kilikuwa kinavuta pumzi ndefu, taratibu, pumzi ambayo mgongoni kwake hajaisikia mwezi sasa.

Jirani yake Lusia, mwenye mtoto anayekohoa mapajani, akamwinamia. "Shoga, si ulimpeleka wa kwako? Ilisaidia?"

Mariana akafungua mdomo. Mama mkwe akamuwahi.

"Si unamsikia mwenyewe anavyoimba?"

Lusia alisikiliza mpaka ubeti ukaisha, kisha akatoa simu aandikiwe namba ya mzee Gaudensi. Mama mkwe alikuwa anaijua kwa kichwa. Mgongoni kwa Mariana, Nyanzala alikohoa, kidogo nyuma ya mdundo.