Harufu ya Gari la Mjomba

…na lavande, anasema huyu msichana wa duka, inatuliza roho, kana kwamba roho ya mtu ni mtoto mchanga, unaiwekea matone mawili kwenye pamba inalala, na Alphonsine anapokea kichupa, ananusa, anakirudisha, anasema ndiyo, nzuri, kwa sababu mtu aliyeitwa kuchagua lazima aseme neno, lakini nzuri kwa nani, nzuri kwa kazi gani, hilo hakuna aliyeuliza, kaka yake Ghislain yuko mlangoni na simu sikioni, mgongo wake mpana umeziba mwanga, nje gari lake jeupe linang'aa kwa kuoshwa, na leo, Bwana wangu, leo hii Jimmy anatoka, baada ya miaka mitatu mtoto wa pekee wa Alphonsine anatoka gerezani kule Buluo, na badala ya kuwa njiani wakimkimbilia wamesimama hapa katikati ya Likasi wakitafuta chombo cha kunukisha gari, diffuseur, ndivyo Ghislain alivyokiita alipokata kona ghafla na kuzima injini mbele ya duka, "Mama Jimmy, minye sikatale mutoto apande, ni mutoto yetu, lakini ile harufu ya kule ikiingia mu viti haitoke tena, ingia, uchague weye, banamuke njo banajua mambo ya harufu," alisema hivyo akitabasamu, kama anayempa dada yake heshima, na yeye akashuka, akaingia, kwa sababu gari ni la Ghislain na safari ni ya Ghislain na siku yenyewe, inavyoonekana, ni ya Ghislain pia… "Mama, kuko namna tatu," anasema msichana, Danielle anaitwa, Ghislain alimwita hivyo wakati wa kuingia, anamjua, kila mtu mjini humu anajuana na Ghislain, "kuko hii ya ku grille, unaifunga fasi hewa inatokea, kuko hii ya mbao, ya kutundika ku rétroviseur, kioo ya mbele, na hii ya umeme, unaiingiza fasi ya kuwashia sigara, inatosha inje moshi kiloko kiloko, mafuta unachagua yako," na anavipanga vyote juu ya kioo cha kaunta, mkono wake mwepesi, kucha zake za waridi, anafurahia kazi yake, maskini, hajui anauza nini, na Alphonsine anaangalia ile ya kufungwa penye hewa, anaona mara moja itakavyokuwa, mtoto anafungua mlango, anainama kuingia, na upepo wa mafuta unampiga usoni kabla ya mjomba kumwambia karibu, hapana, si hiyo, na ile ya umeme ina taa ya buluu, Jimmy ni mtu wa kugusagusa vitu, atauliza hii ni nini, mujomba, tangu lini uko nayo, na Ghislain atajibu nini, labda atajibu ukweli, ana kipaji cha kusema jambo baya kwa sauti ya mzaha, na ile ya mbao, haya, ile ya mbao ni ndogo, inaweza kujificha nyuma ya rozari inayoning'inia pale mbele, mtu anaweza kuidhania ni mapambo tu, basi labda hiyo, yenye harufu hafifu, harufu ambayo Jimmy ataipita bila kuijua, hataelewa kwamba imenunuliwa kwa ajili yake, hiyo ndiyo anayoitafuta, hakuna nyingine, na kama duka hili halina basi hakuna duka lililo nayo…

"Uchague mbio, mudogo," Ghislain anasema akiziba simu kwa kiganja, kisha anarudi kwenye maneno yake, "ndiyo, papa Séraphin, tutafika kiisha kula, bantu ba shirika bakuje bote," na papa Séraphin huyo ni kiongozi wa shirika lao la parokia, mzee wa sauti ya kubembeleza, kumbe ataleta watu, kumbe kutakuwa na watu, na nyimbo, kumbe yule mbuzi aliyetajwa jana ni wa watu, Ghislain hakumwambia dada yake lolote kuhusu watu, alimwambia tu vaa vizuri, naye amevaa kile kikwembe cha sherehe chenye maua ya njano, amekilaza na sabuni sandukuni usiku kucha, kwa kuwa yeye pia, ndiyo, yeye pia aliambiwa, si kwa maneno, Blandine mke wa kaka yake hana haja ya maneno, kila Jumapili Alphonsine alipotoka Buluo, baada ya misa, baada ya pikipiki na vumbi na sufuria ya bukari, ugali wao, aliyokwenda nayo imejaa na kurudi nayo tupu, akipita kwa Ghislain kutoa habari za mtoto, Blandine alikuwa akisimama, anafungua dirisha, halafu lile la pili, anasema leo iko joto, hata mwezi wa sita, baridi ya mwezi wa sita mtu anatetemeka, Blandine anasema leo iko joto, na baadaye kiti chake kikahamia barazani, na yeye akaanza kupaka limau mikononi kabla ya kubisha hodi, akinusa nguo zake, asisikie kitu, pua ilikwisha kuzoea, alichosikia ni sabuni ya mche na moshi wa kuni na wanaume wengi wanaongoja, hiyo tu, harufu ya kungoja, na Ghislain hakwenda kule hata mara moja, leo ndiyo mara ya kwanza, leo mtoto anapotoka na papa Séraphin anapoleta watu, alikuwa akiogopea viti vyake, bila shaka… "Nusa hii, mama, eucalyptus, hii njo inafukuza harufu yote mubaya," na kabla hajasema hapana kichupa kiko chini ya pua yake na Jimmy ana miaka saba, anakohoa mpaka mbavu zinatokeza, na yeye amechemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, wameingia wote wawili chini ya blanketi, mvuke unawachoma macho, Jimmy analia, Jimmy anacheka, anasema mama, tunaiva, watatukuta tumeiva kama mihogo, na jasho lake la mtoto, na kichwa chake kinachoteleza kifuani mwake, hapana, hiyo hapana, hiyo hawaichukui, wamekwisha kuchukua mengi, Danielle anashangaa anavyokisukuma kichupa, "Ni kali, eeh? Pole, mama. Bantu bengine banapenda ile kali," na Alphonsine anasema si kitu, mwanangu, lete nyingine, na moyo unadunda kama wa mwizi, wa mwizi, ona neno lililomjia.

Hakuna aliyekunja pua zamani, kule Shituru, kwenye nyumba za kampuni, baba yao alikuwa akirudi kutoka kiwandani na harufu ya asidi iliyokuwa ikikata koo, nguo zake zilitoboka matundu madogo madogo kwa kuunguzwa, na mama alikuwa na maji moto tayari, hakufungua dirisha, aliweka maji moto, na Ghislain huyuhuyu mwenye mgongo mpana mlangoni, Ghislain wa suruali iliyochanika, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrukia baba, anazika uso kwenye shati lile na kuvuta pumzi ndefu, anasema papa umenuka kazi, na baba anacheka, harufu ile ilikuwa bukari na samaki na ada ya shule, hakuna aliyeificha, basi ilipotea wapi pua ile, nani aliibadilisha, pesa ya nyaya ndiyo iliibadilisha, afadhali aseme, ndani ya kichwa chake angalau aseme, kichwa ni chake, nyaya za shaba za umeme zilizokatwa nguzoni huko na kuletwa usiku deponi, ghalani kwa Ghislain, na Ghislain akinunua bila kuuliza, akiuza bila kuulizwa, mpaka polisi walipokuja wakakuta ufunguo wa depo kwa Jimmy, kwa sababu Jimmy alikuwa akifanya kazi ya kufagia na kulinda, mjomba alimwajiri, mjomba alimsaidia, kila mtu alisema mjomba amemsaidia… "Citronnelle basi, mama, hii hakuna mutu anaikatala," mchaichai, Mungu wangu, mchaichai, kikombe cha chai ya mchaichai mkononi mwake sebuleni kwa Ghislain mchana ule, wamekaa wote, na Jimmy amepewa saa chache tu kabla ya kurudi polisi kuandikisha maneno yake, na Ghislain anasema taratibu, kama anayepanga harusi, "Jimmy, weye hauna bibi, hauna batoto. Minye nikiingia, njo nyumba yote inaanguka, na mama yako pamoja. Sema nyaya njo zako. Nitalipa avocat, atakutosha mu gereza mbele ya Pasaka," na Jimmy hakumtazama mjomba, alimtazama mama yake, macho yale, akafungua kinywa yeye Alphonsine, alikuwa na neno, ameliona kabisa neno lile limekaa ulimini, na Ghislain akainua kidole tu, "Kunywa chai, mudogo, mujomba njo anasema," na ni kweli, mama yao alikuwa Mlamba, na kwa Walamba mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine, mjomba ndiye anayesema, mjomba ndiye anayeoza, mjomba ndiye anayezika, lakini nani aliwahi kusikia kwamba mjomba ndiye anayefungisha, akanywa, ilikuwa imepoa, Pasaka ikapita, na Pasaka nyingine, na nyingine, wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, hewaa, lakini huyu alichuma yeye, halafu akamwachia mtoto wa dada yake sahani nzima, na yeye mwenyewe akaondoka mezani kunawa mikono…

"…ndiyo, papa Séraphin, ndiyo, ni majaribu," Ghislain anasema, sasa amegeuka, uso wake unaonekana, uso mtulivu wa mtu aliyekunywa chai yake, anasugua shingo kwa mkono wenye funguo, "apana, apana, hakuna haya, damu ni damu, minye nilisha kumusamehe, zamani sana nilisha kumusamehe, mutoto ni mutoto, tutamurudisha mu njia," na Alphonsine anaganda, kizibo cha mchaichai mkononi, amesikia vibaya, sivyo, hajasikia vibaya, amemsamehe, Ghislain amemsamehe Jimmy, ameketi peke yake siku moja katika hilo gari lake akaona vema kumsamehe, na lililo baya zaidi ni kwamba hasemi uongo, angekuwa anadanganya angeangalia pembeni kama alivyokuwa akifanya utotoni, dada anamjua, leo haangalii pembeni, ameshaamini, kidogo kidogo kwa miaka mitatu amejisimulia hadithi mpaka imekuwa hivyo, mwizi ni yule kule na mwema ni huyu hapa, na leo mwema anakwenda kumchukua mwizi kwa gari lililooshwa, na karatasi ya plastiki ameitandika kwenye kiti cha nyuma, aliiona asubuhi, akadhani ni kwa sababu ya mbuzi, akadhani ni kwa sababu ya mbuzi!, na watu wa shirika watapiga makofi, papa Séraphin ataomba sala ya mwana mpotevu, Jimmy atasimama katikati akitazama miguu yake, na wakimwuliza yeye atasema nini, atasema harufu ni ya lavande, niliichagua mimi… kwa hiyo ndiyo sababu ya kuletwa hapa, si pua yake wanaitaka, ni mkono wake, ili siku zote Ghislain aweze kusema mama yake mwenyewe njo alichagua, na yeye tangu aingie dukani humu anahangaika kutafuta harufu ya upole, harufu isiyomwumiza mtoto, mjinga wewe, Alphonsine, mjinga na miaka yako hamsini na mbili, hakuna harufu ya namna hiyo, ukimtilia mtu marashi ili usimsikie, hata yawe marashi ya madhabahuni, umemtukana, hasira inapanda, anaiacha ipande, kumbe haiui, alidhani itamwua, inatulia kifuani kama mgeni aliyepewa kiti, na kitu kingine kinafuata nyuma yake, kinakuja polepole mpaka anakiona chote, hii harufu wanayoikimbia, hii ya sabuni ya mche na moshi na kungoja, si ya Jimmy, haijawahi kuwa ya Jimmy, ilipaswa kukaa kwenye shati la Ghislain, kwenye shingo hiyo anayoisugua, Jimmy alimbebea tu, kama mtu anavyombebea mkubwa wake mzigo njiani, na mzigo, ukifika, hurudishwa kwa mwenyewe… basi atakaa mbele, hivyo tu, Jimmy atakaa mbele, karibu na mjomba wake, bega kwa bega, na yeye Alphonsine atapandisha vioo vyote, kimoja kimoja, atasema vumbi, mwezi wa nane vumbi si la kudanganya, na wataenda hivyo, vioo juu, bila tone la mafuta ya mtu yeyote, njia nzima kutoka Buluo mpaka mlangoni kwa Blandine, Ghislain avute pumzi na aitoe, avute tena, na akisema yuko na joto, akinyoosha kidole kwenye kitufe cha kioo, hapo atalitoa lile neno lililokaa ulimini tangu chai ile ilipopoa, tena mbele ya mtoto, Jimmy alisikie kwa masikio yake mawili, yaya, kaka yangu mukubwa, hii harufu njo yako, mutoto alikubebeya tu, sasa anakurudishia… wala hatalia, atalisema kama mtu anayesema funga mlango. Na papa Séraphin na watu wake? Wakiuliza, nao wataambiwa, nyumba ikianguka ianguke, ya kwake ilianguka zamani na hakuna aliyeleta mbuzi.

"Umechagua?" Ghislain anauliza, simu bado sikioni, na Danielle naye amesimama na kucha zake za waridi, vichupa vimepangwa vilevile juu ya kioo, midomo wazi, vinanuka vyote kwa pamoja. "Bado, yaya," anasema Alphonsine. "Bado naangalia." Na anaanza kuvifunga, kichupa kimoja baada ya kingine, akikaza kila kizibo.