Mteja Anayekonda

Kila asubuhi, Shangazi Mukamana akiwa bado anapaka cherehani yake mafuta, Gwiza huketi kwenye benchi la wateja mle katika duka la ushonaji, mtaani Nyamirambo, na kusoma kazi zilizoletwa usiku na wenzake wa kujitolea. Programu yao ya kompyuta ni ya bure na msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote. Inawasaidia mafundi cherehani kutunza vipimo vya wateja. Kazi yoyote haiingii mpaka Gwiza aikubali. Siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amemwandikia Ntare, "Asante, kazi nzuri sana," pikipiki iliposimama mlangoni na Ntare mwenyewe akashuka, kofia ya abiria bado kichwani.

Walizoea kuandikiana tu. Kutoka Gatsata, anakokaa Ntare, hadi hapa si safari, lakini Ntare hakuwahi kuja.

"Dereva anangoja kofia yake," alisema Gwiza, kwa kukosa la kusema.

Ntare akairudisha kofia, akaingia, akamwamkia Shangazi kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Gwiza.

"Nimekuja kuaga. Ningeandika, ungenijibu asante, kazi nzuri."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Jana nilisoma historia yote ya mabadiliko. Kila ninacholeta unakisifu, unakiingiza, halafu siku ya pili unakifuta kimyakimya na kuweka chako. Iradukunda naye ulimfanyia hivyo hivyo. Ulidhani aliondoka kwa nini?"

Gwiza alidhani Iradukunda, mwenzao wa zamani, amepata ajira. Alikuwa hata amemwandikia hongera. Uso ukamwaka moto. Chuoni, mwalimu mmoja aliwahi kuisoma kazi yake mbele ya darasa huku akicheka, na tangu hapo Gwiza hakunyoosha tena mkono. Alijiapiza kwamba hakuna mtu atakayeonjeshwa aibu ile na yeye.

"Sikutaka kukuumiza," alisema.

"Na hapa unaniona mzima?"

Shangazi alicheka bila kuinua kichwa. "Huyu, baba, hata chumvi ikizidi atakwambia chakula ni kitamu. Halafu anampa paka."

"Shangazi, tafadhali."

"Si ndiyo? Paka wangu amenenepa."

Ntare hakucheka. "Mimi sina mwalimu, bosi. Nilijifunza peke yangu, na nilikuja kwenu nijifunze zaidi. Mwaka mzima nimejiona fundi, kumbe nacheza." Akatazama barabarani, akampungia mkono dereva wa pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima. Dereva akaanza kupunguza mwendo.

Kwenye kompyuta ya Gwiza, marekebisho ya kazi ile aliyoisifu muda mfupi uliopita yalikuwa tayari, yakingoja kesho. Aliyatazama. Akayafuta yote, akasimama.

"Kazi yako ya jana ni mbovu."

Ntare akageuka.

"Fundi anaandika inchi, wewe unazigeuza sentimita, unakata desimali, unahifadhi. Akifungua tena unazirudisha inchi, unakata tena. Mteja anakonda kila vipimo vyake vikifunguliwa. Nilijaribu kwa vipimo vya Shangazi, nikafungua na kuhifadhi mpaka nikachoka. Kiuno kikabaki cha mtoto."

"Hicho msikiguse," alisema Shangazi.

Safari hii Ntare alicheka, kidogo, kama mtu asiyetaka. "Kwa hiyo nifanyeje?"

"Hifadhi kipimo kama fundi alivyokiandika. Geuza wakati wa kuonyesha tu."

Dereva alipiga honi. Ntare hakusogea, na Gwiza akaona kwamba bado anangoja neno jingine.

"Sitairekebisha mimi," alisema. "Irekebishe wewe. Ikiwa bado mbovu nitakwambia tena, mbele ya wote, na mimi nikikosea uniambie hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa mtaniona mkali mniache. Usiondoke, Ntare. Nataka ubaki."